Barua, Nauli na Ploti: Jinsi Thika na Ruiru Zilivyosomesha Watoto Ng'ambo

Tarehe 15 Agosti 1930, katika shamba la mkonge chini ya mlima wa Kilimambogo, mashariki ya Thika, nyapara mmoja alipata mtoto wa kiume. Nyapara huyo, Leonard Ndiege, alikuwa ametoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria kuja kusimamia vibarua. Shamba lenyewe lilikuwa limewahi kuwa la William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa St. Louis, Marekani, ambaye mwaka 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt nyumbani kwake Juja, na ambaye alizikwa mlimani hapohapo mwaka 1925. Mtoto wa nyapara aliitwa Tom Mboya. Kabla hajatimiza miaka thelathini na moja, alikuwa amekwisha kuwapeleka mamia ya vijana wa Kenya kusoma katika nchi ya huyo McMillan.

Historia ya wanafunzi wa Thika na Ruiru waliotafuta masomo ng'ambo huanza mapema kuliko hapo, na haianzi na Waafrika. Mashamba ya kahawa na mkonge yaliyouzunguka mji tangu reli ilipofika 1913 yalikuwa ya masetla, na watoto wao ndio waliokuwa wa kwanza kuondoka kwenda vyuoni. Anayejulikana zaidi ni Elspeth Huxley, binti wa Josceline na Nellie Grant, ambao walikuja Thika kulima kahawa. Mwaka 1925 alikwenda Uingereza kusomea kilimo katika Chuo cha Reading, kisha akavuka Atlantiki hadi Cornell, Marekani. Kwa mtoto wa setla safari hiyo haikuwa na maajabu. Kwenda Uingereza kusoma kulikuwa ni kurudi kwao. Kitabu chake kuhusu utoto wake katika sehemu hizi, The Flame Trees of Thika, kilitoka 1959, mwaka uleule ambao ndege ya kwanza ya wanafunzi wa Mboya iliruka.

Kwa Waafrika wa sehemu hizi mambo yalikuwa mengine kabisa. Mbiyu Koinange, mtoto wa Chifu Koinange wa Kiambu, alifika Hampton, Virginia, mwaka 1927, akaendelea hadi Ohio Wesleyan na Columbia. Huyo alikuwa na baba chifu. Jomo Kenyatta, mzaliwa wa Gatundu, barabara inayopanda kutoka Thika, hakuwa na baba wa namna hiyo. Alikuwa na chama. Wanachama wa Kikuyu Central Association walichanga fedha, na Februari 1929 wakampandisha meli kwenda London kupeleka malalamiko ya ardhi. Hakutumwa kusoma. Lakini aliporudi tena Uingereza mwaka 1931, alikaa miaka kumi na mitano, akapitia chuo cha Waquaker cha Woodbrooke mjini Birmingham, akaenda Moscow, na mwishowe akaketi katika darasa la Bronisław Malinowski katika Chuo cha Uchumi cha London. Utafiti wake wa huko ulichapishwa 1938 kwa jina Facing Mount Kenya. Hivyo fedha zilizochangwa kwa ajili ya mashamba zilizaa msomi wa anthropolojia, jambo ambalo hakuna mchangaji aliyelitia hesabuni.

Koinange aliporudi alikuta wazazi wamechoka kusubiri shule za misheni na za serikali. Mwaka 1939 akafungua Chuo cha Ualimu cha Githunguri, ng'ambo ya pili ya mashamba ya Ruiru, na michango ya marika ndiyo iliyojenga madarasa. Serikali ilikifunga 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa. Msingi wa desturi ulikuwa umekwisha kuwekwa: mtoto akitaka masomo makubwa, anayelipa si baba yake peke yake.

Kati ya shule zote za eneo hili hakuna iliyotoa wasafiri wengi wenye majina kama Mang'u. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliianzisha Kabete mwaka 1925, wakaihamishia kijiji cha Mang'u 1940, na katika miaka ya 1970 ikasogezwa tena hadi ilipo leo, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa. Mboya aliingia hapo 1946. Karo ikamshinda, na mwisho wa 1947 akaondoka kwenda kusomea ukaguzi wa afya, kazi iliyomwezesha kusoma huku akilipwa. Mwaka huohuo wa 1947 aliingia shuleni kijana wa Othaya aliyeitwa Mwai Kibaki.

Vijana hao wawili wa shule moja walifika Uingereza kwa njia mbili tofauti. Kibaki alifuata barabara rasmi. Alipasi Mang'u, akapasi Makerere kwa daraja la kwanza, akapewa ufadhili, akaenda Chuo cha Uchumi cha London alikomaliza 1958. Mboya alipitia mlango wa nyuma, yaani vyama vya wafanyakazi, ambavyo vilimpatia nafasi ya mwaka mmoja (1955–56) katika Chuo cha Ruskin, Oxford, chuo cha watu wazima waliokosa shule. Ni rahisi kuona ni nani kati yao aliyejua uchungu wa kukosa karo. Pengine ndiyo sababu Kibaki akawa mchumi, na Mboya akawa mtafutaji wa nauli.

Nauli ndiyo iliyokuwa kiini cha jambo lenyewe, ingawa mara nyingi husahauliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Afrika Mashariki nzima ilitegemea Makerere, na chuo cha ufundi cha Nairobi kilikuwa kimefunguliwa juzi tu, mwaka 1956. Uingereza ilichukua wachache waliochujwa na serikali ya kikoloni, na maafisa wa serikali hiyo walizidharau shahada za Marekani. Vijana wakajiandikia barua wenyewe. Walimu waliosoma ng'ambo, maktaba za Nairobi, na gazeti lililofungiwa sukari viliwapa anwani za vyuo. Barua zilikwenda kwa ndege, zikajibiwa baada ya wiki nyingi kupitia sanduku la posta la shule, la kanisa au la duka, kwa sababu kijijini hakuna aliyekuwa na lake. Mwombaji aliomba fomu, akasubiri. Akapeleka fomu pamoja na nakala ya cheti cha Cambridge na barua ya mwalimu mkuu, akasubiri tena. Wengine walijibiwa vizuri kupita matumaini: umekubaliwa, karo umesamehewa. Kisha wakakaa na bahasha hiyo mkononi, kwa kuwa tiketi ya ndege hadi New York ilizidi mapato ya familia kwa miaka mingi.

Mboya alipozunguka Marekani akihutubia mwaka 1959, hilo ndilo alilowaeleza watu. Nafasi zipo, alisema, ila vijana hawana jinsi ya kuzifikia. Pamoja na mfanyabiashara William Scheinman na wenzake, akaanzisha mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani michango. Huku nyumbani Mboya alisaidiana na Gikonyo Kiano, aliyekuwa amerudi na shahada ya uzamivu kutoka California, na Kariuki Njiiri, kuwachambua waombaji. Badala ya kununua tiketi moja moja, wakakodi ndege nzima. Septemba 1959 ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata waombaji waliongezeka na fedha zikapungua. Julai 1960 Mboya alikwenda kumwona Seneta John F. Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, wakati kampeni ya urais inachacha. Wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Serikali ya Marekani, ambayo awali ilikuwa imekataa ombi hilo, ikakumbuka ghafla kwamba inazo fedha za kiasi hichohicho. Upande wa Richard Nixon, mpinzani wa Kennedy katika uchaguzi huo, haukutaka kuachwa nyuma. Kwa hiyo suala la nauli ya watoto wa wakulima wa Kenya likawa gumzo la uchaguzi wa Washington. Mmoja wa walioondoka mwaka huo ni Wangari Maathai, aliyetoka shule ya Loreto Limuru na kufikia chuo cha watawa mjini Atchison, Kansas. Miaka 44 baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hadi mpango ulipokoma 1963, karibu wanafunzi 800 walikuwa wamesafirishwa.

Wapinzani wa Mboya walinung'unika kwamba anajijengea wafuasi kwa tiketi za ndege. Hawakukosea sana, mwanasiasa ni mwanasiasa. Lakini yeyote anayesoma habari za mpango ule huona kazi iliyofanyika chini ya siasa hizo: kuhakikisha kila barua ya chuo ni ya kweli, kila kijana ana mahali pa kufikia, kila jina liko katika orodha ambayo magazeti yangeweza kuikagua. Ndege ilikuwa fahari ya picha. Ukarani ndio uliobeba mpango.

Oginga Odinga, mshindani wa Mboya katika siasa, naye alikuwa na ndege zake, kwa njia ya kusema. Aliposafiri Moscow na Peking 1960 alirudi na ahadi za nafasi za masomo, na vijana wakaanza kuondoka, wengi kwa njia ya mzunguko kupitia Cairo, kwenda Umoja wa Kisovieti, Bulgaria na nchi nyingine za Mashariki. Chuo cha Urafiki wa Mataifa cha Moscow kilifunguliwa mwaka huohuo na baadaye kikaitwa kwa jina la Patrice Lumumba. Waliorudi kutoka huko mara nyingi walikuta shahada zao zikitazamwa kwa jicho la pembeni na maofisi yaleyale yaliyozoea kuzidharau za Marekani.

Baada ya uhuru, fedha za kumsomesha mtoto ng'ambo zilitoka wapi katika nchi hii ya Thika, Gatundu na Ruiru? Jibu la kwanza ni kahawa. Kabla ya miaka ya 1950 Mwafrika wa Kiambu alizuiwa kuilima. Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliifungua njia, na kwa miaka iliyofuata miche ikajaa katika mashamba madogo ya juu ya Thika. Ruiru kwenyewe ndiko kituo cha utafiti wa kahawa kilipo, kilikotoka aina ya Ruiru 11 mwaka 1985. Baridi kali ilipoiunguza kahawa ya Brazili Julai 1975, bei ya dunia ilipaa, na malipo ya ushirika ya 1976 na 1977 yakawa makubwa kuliko yote ambayo wakulima walikuwa wamewahi kuona. Mabati yalinunuliwa, pikapu zilinunuliwa, na karo ililipwa. Kisha Julai 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, na wako waliong'oa mibuni wakapanda mahindi.

Jibu la pili ni harambee. Kenyatta aliifanya wito wa taifa mwaka 1963, lakini kuchangia msafiri lilikuwa jambo la zamani, kama walivyojua wachangaji wa 1929. Kufikia miaka ya 1980 harambee ya mwanafunzi wa ng'ambo ilikuwa na taratibu zake zinazojulikana na kila mtu. Kamati huundwa kwanza: mwenyekiti, mweka hazina, katibu. Kadi huchapishwa mjini Thika, na ndani ya kadi huwa na mistari mitupu ya majina na kiasi. Kila mwanakamati hupewa kadi kadhaa akazisambaze kazini, kanisani na katika mabaa. Siku yenyewe, Jumamosi au Jumapili alasiri, viti hupangwa katika uwanja wa shule ya msingi. Mgeni wa heshima huchelewa. Mshereheshaji husoma mchango mmoja mmoja kwa sauti, "shilingi mia mbili kutoka kwa mama fulani na familia, makofi ya kilo!", ili asiyetoa aone haya. Mkungu wa ndizi hupigwa mnada, ukanunuliwa, ukarudishwa, ukauzwa tena mara tatu. Kijana mwenyewe hukaa mbele akiwa amevaa suti, ya kuazima mara nyingine, akijua kwamba kila shilingi inayotajwa ni deni asiloweza kulilipa kwa fedha.

Deni hilo lilikuwa na uzito wake. Aliyeharambiwa na kijiji alitarajiwa arudi, au atume, au amvute mdogo wake. Wengi walifanya hivyo. Wengine walinyamaza huko hadi wazazi wakaacha kuulizwa habari zao. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 iliwabana wanasiasa na wakubwa wa serikali wasisimamie michango, na wageni wa heshima wa aina ile wakapungua. Harambee yenyewe haikufa. Ilihamia kwenye simu, kwa M-Pesa na makundi ya WhatsApp, ambako hakuna ndizi ya kupiga mnada.

Ni ajabu kwamba haja ya kwenda ng'ambo ilizidi wakati ambapo vyuo vikuu vilikuwa vinasogea karibu na nyumbani. Kambi ya jeshi la Waingereza ya Kahawa, kabla ya kufika Ruiru, ilikabidhiwa serikali na kugeuzwa Chuo cha Kenyatta mwaka 1965. Kilipanda hadhi kuwa chuo kikuu kamili 1985. Juja, katikati ya Ruiru na Thika, Kenyatta alitoa hekta 200 za shamba lake, na kwa msaada wa Japani chuo cha kilimo na teknolojia kikapokea wanafunzi wa kwanza Mei 1981. Rais Moi alikifungua rasmi Machi 1982, na mwaka 1994 kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambacho wenyeji hukiita JKUAT. Wajapani hawakuleta majengo na trekta tu. Walileta wataalamu, na walimu vijana wa Kenya wakapelekwa Japani kusomea shahada za juu, wakarudi kufundisha Juja. Kwa wale, ombi la masomo ya ng'ambo lilipitia mlango wa mwajiri, bila kadi wala mshereheshaji.

Ila mwanafunzi wa kawaida wa miaka ya 1980 na 1990 aliona malango ya nyumbani yakifungwa usoni pake. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka. Migomo na kufungwa kwa vyuo vikawa jambo la kila msimu. Mwaka 1987 vyuo vilipokea makundi mawili kwa mkupuo, na 1990 tena, kidato cha sita cha mwisho kilipokutana na watoto wa kwanza wa mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4. Mwenye alama nzuri alisubiri nyumbani miaka miwili. Mwenye alama za wastani hakuwa na pa kusubiri. India ikawa jibu la wengi. Tangu siku za Apa Pant, kamishna wa India aliyewasili Nairobi 1948, nchi hiyo ilikuwa ikitoa ufadhili kwa Waafrika wa Kenya. Sasa walikuja waliojilipia, kwenda Pune, Bangalore, Baroda na Chandigarh, ambako karo ilikuwa ya chini na kozi zilianza siku iliyoandikwa.

Waliotaka Marekani walikuwa na mlima mwingine. Mitihani ya SAT na TOEFL, fomu ya chuo ya I-20, taarifa ya benki yenye fedha za kutosha, kisha mahojiano katika ubalozi uliokuwa kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, mwendo wa miguu kutoka zinakoshukisha matatu za Thika. Taarifa ya benki iliwaumiza vichwa kuliko mtihani wa Kiingereza. Ilikuwa kawaida kwa jamaa kuweka fedha zao zote katika akaunti moja kwa muda, ili karatasi isome vizuri. Tarehe 7 Agosti 1998 jengo hilo lililipuliwa na magaidi, watu zaidi ya 200 wakafa Nairobi. Ubalozi ukahamia Gigiri mwaka 2003, na mwaka huohuo, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Marekani ikaanza kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni wote kwa mfumo wa kompyuta ambao mwombaji analipia mwenyewe.

Fedha za yote hayo zilibidi zitafutwe, na hapo ndipo ploti zinapoingia. Katika miaka ya 1970 kampuni za kununua ardhi ziliyagawa mashamba makubwa ya Ruiru na Juja kwa wanachama wao, mwenye hisa akapata kipande. Kwa muda mrefu vipande hivyo vilikuwa vichaka na mawe. Barabara Kuu ya Thika, yenye njia nane, ilipofunguliwa na Rais Kibaki Novemba 2012, bei zilikuwa tayari zimeruka, na sensa ya 2019 ikaonyesha kwamba Ruiru imeipita Thika kwa mbali kwa idadi ya watu. Shamba la setla lilikuwa limekuwa hisa ya babu, hisa ikawa ploti, na ploti ikauzwa iwe karo ya mjukuu Kanada au Australia. Mwandishi wa makala haya haoni kwamba ni hasara wala faida ya moja kwa moja. Ila ni vizuri kukumbuka kwamba ploti huuzwa mara moja tu, na hakuna kamati inayoketi kumuuliza mwuzaji kama chuo anachokwenda mtoto kinajulikana.

Nafasi ya kamati imechukuliwa na wakala. Ofisi za washauri wa masomo ya ng'ambo zimejaa ghorofani, kati ya wauzaji wa simu na saluni, na wengi wao hutangaza ushauri wa bure. Si wa bure. Vyuo vingi vya nje huwalipa mawakala kamisheni kwa kila mwanafunzi anayejisajili, na wakala ana sababu ya kukisifu chuo kinacholipa kuliko kinachomfaa mtoto. Mboya alipokea lawama kwa kujipatia wafuasi. Wakala hujipatia asilimia, na orodha yake haichapishwi gazetini. Hatari iko hata pale mpango unapobeba muhuri wa serikali. Mwaka 2023 taifa zima lilisikia habari za wazazi wa Uasin Gishu waliolipa mamia ya maelfu ya shilingi kwa mpango wa kaunti wa masomo ya Finland na Kanada, na wengi wa watoto wao hawakupanda ndege. Seneti iliuchunguza mpango huo. Wazazi waliandamana.

Karatasi nazo hazijapungua, zimehamia tu kwenye skrini. Mwombaji wa leo kutoka Ruiru huanzia eCitizen kwa pasipoti na cheti cha mwenendo mwema, akaenda Huduma Centre kuchukuliwa alama za vidole, akamlipa wakili agonge muhuri kwenye nakala za vyeti, kisha akarudi saiba kuzipiga picha zote kwa kiwango ambacho tovuti ya chuo itakikubali. Akitaka Uingereza, atatakiwa kuthibitisha kwamba anajua Kiingereza, kwa kuwa Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo serikali ya London huzihesabu kuwa za wasemaji wa Kiingereza. Mtoto aliyefundishwa karibu kila somo kwa lugha hiyo tangu darasa la nne, katika nchi iliyoletewa lugha hiyo na Waingereza wenyewe, huweza kulazimika kulipia mtihani kama IELTS ili aaminiwe. Ni vigumu kulitetea hili bila kucheka.

Wapo wanaoendeleza ukarani wa 1959 kwa uaminifu. Susan Mboya, binti wa Tom, alianzisha Zawadi Africa mwaka 2002, mfuko unaowatafutia wasichana wenye akili na wasio na uwezo nafasi vyuoni Marekani na kwingineko, na aliuiga kwa makusudi mpango wa baba yake. Wakfu wa benki ya Equity nao huwaandaa vijana waliofanya vyema kabisa katika mtihani wa kidato cha nne ili waombe vyuo vikubwa vya dunia. Mipango hiyo haimtozi mwombaji. Hicho ndicho kipimo cha kwanza ambacho mzazi wa Thika anaweza kukitumia bila msaada wa mtu. Cha pili ni kuuliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kabla ya kuuza chochote, kama shahada ya chuo hicho itatambuliwa hapa nyumbani.

Juja, wakati huohuo, imeanza kupokea maombi badala ya kuyatuma tu. Taasisi ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika ya sayansi za msingi, teknolojia na uvumbuzi iko ndani ya JKUAT tangu 2012, na vijana kutoka pembe zote za bara huandika kuomba nafasi ya uzamili na uzamivu hapo, wakiwa na maswali yaleyale ya viza, nauli na mahali pa kulala.

Waliopanda ndege ya 1959 wakiwa na miaka ishirini sasa wamepita themanini, na wengi wametangulia. Barua zao za kukubaliwa vyuoni, kadi za harambee za baada yao, na picha za kuagana uwanjani ziko katika masanduku ya bati Gatundu, Thika na Ruiru, na kila nyumba ya zamani inapobomolewa kupisha ghorofa, nyingine hutupwa. Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, Nairobi. Aliye na sanduku la namna hiyo nyumbani na alifungue, na yaliyomo ayapeleke huko au walau ayapige picha kabla ya mchwa.